Sehewa Waliolazwa Juani

Paukwa!
Pakawa!
Naja, nimejitwika.
Umejitwika nini?
Chungu cha moto, na kichwani sina kata.
Tua, tukupokee!

Haya, natua. Sogeeni. Wa nyuma waje mbele, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa.

Hapo kale, zama ambazo hata maji ya kunywa yalimwagiwa damu, palikuwa na miji miwili. Mmoja ukiitwa Mwambavuo, wa pili Kitundani. Baina yao palikuwa na kisima kimoja cha maji matamu. Mwambavuo wakasema, chetu. Kitundani wakasema, chetu. Wakatukanana. Wakapigana. Wakazikana. Miaka mitatu njia ya baina ya miji ile ikaota majani, hapana apitaye.

Basi katika Mwambavuo alikuwako mwanamke mmoja, Mwanamize, mpishi wa Jumbe. Jumbe ndiye mtawala wa mji, na mji mzima ulikuwa ukijua kwamba Jumbe akinenepa ni kazi ya Mwanamize. Lakini moyo wa mwanamke yule haukukaa Mwambavuo. Binti yake wa pekee, Mwatime, alikuwa ameolewa Kitundani mwaka ule ule ugomvi ulipoanza. Habari zilimfikia kwa kuzungukazunguka, kwa wapita njia, kwamba binti amezaa, na mtoto ni wa kike. Hajamwona. Hajambeba. Hajui hata amefanana na nani.

Nani hapa angelistahimili hilo?
Hakuna!
Naam, hakuna. Lakini yeye alistahimili, kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Mwaka wa tatu ukaingia. Jumbe Mngwali wa Mwambavuo akachoka kuzika vijana. Akatuma mjumbe kwa mwenzake, Jumbe Shaame wa Kitundani: tukae, tuseme. Na Jumbe Shaame akajibu hivi: "Nitakuja Ijumaa kabla ya sala, mimi na watu arubaini. Nilishe sehewa wa bahari yenu, nami mwezi ujao nitakulisha kwangu. Waliokula sinia moja hawauani."

Mwanamize aliposikia, akakaa chini kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akalia, akajifuta kwa kanga, akainuka akaanza kuchagua mchele.

Sehewa mnamjua? Nduguye jodari. Mnene, mgongo wa buluu wenye michirizi, nyama nyekundu utadhani ya ng'ombe. Mtie ndimu na chumvi, mkaange: mtu atakula mpaka mfupa. Mpike kwa tui zito na ukwaju: mtu atasahau alikuwa akienda wapi. Lakini sehewa ana damu ya moto. Ukimvua, mchinje umtoe damu, mwoshe kwa maji ya bahari, mweke kivulini, mtie chunguni. Jua lisimwone! Jua likimkaa mwilini hugeuka ndani, na nje asigeuke. Hanuki. Halegei. Jicho lang'aa, ngozi yang'aa, na ndani mna upupu. Na upupu ule, ndugu zangu, hauoshwi kwa maji, hautolewi kwa ndimu, hauuawi kwa moto.

Ijumaa ikafika. Asubuhi, umande haujakauka, wavuvi wakaleta sehewa kumi na wawili, kila mmoja urefu wa mkono wa mtu mzima. Mwanamize yuko jikoni, visu vimenolewa, maji yako tayari, ndimu zimekatwa. Anangoja samaki waingie. Hawaingii.

Kwa nini hawaingii? Kwa sababu palikuwa na mtu akiitwa Bwana Pandu, msimamizi wa nyumba ya Jumbe. Mtu wa kanzu nyeupe na bakora ya mpingo. Bwana Pandu aliwaona samaki wale, akaona sifa. Akatandika jamvi mbele ya baraza, nje kweupe, akawalaza wale sehewa mmoja mmoja, vichwa huku, mikia huku. Watu wapite waone. Waseme, lo, nyumba ya Jumbe ina neema! Na watu wakapita. Wakasema.

Mwanamize akamtuma Bi Tatu, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akikuna nazi naye jikoni. "Bi Tatu, nenda mwambie Bwana Pandu nataka samaki."

Bi Tatu akaenda, akarudi. "Anasema ngoja. Watu wa mtaa wa juu hawajaona."

Jua likapanda. Mwanamize akamtuma mara ya pili. "Mwambie samaki huyu hapendi jua."

Bi Tatu akaenda, akarudi. "Anasema ngoja. Watu wa mtaa wa chini hawajaona."

Jua likapanda zaidi, hata kuku wakaingia uvunguni. Mara ya tatu Mwanamize akaenda mwenyewe, unga mikononi, kanga begani.

"Bwana Pandu, nipe samaki wangu."

"Samaki wako? Au wa Jumbe?"

"Wa Jumbe, lakini tumbo litakaloumia si langu wala lako, ni la mgeni. Nipe."

Bwana Pandu akawaangalia watu waliokuwa wakitazama, akacheka. "Haya, wabebeni. Mpishi ana njaa!"

Watu wakacheka naye. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Bwana Pandu siku ile alikuwa amesifiwa tangu alfajiri.

Samaki wakaingia jikoni. Wakakatwa mapande. Wakatiwa ndimu, chumvi, kitunguu thomu, bizari. Chungu kikabandikwa. Tui likachemka. Harufu ikatoka nzuri, nzuri kweli, mpaka Bi Tatu akasema, "Hapa leo ugomvi umekwisha, mwanangu."

Mwanamize akachukua upawa, akachota pande dogo, akalipuliza, akalitia kinywani.

Akasimama.

Pilipili alikuwa hajaitia. Lakini ncha ya ulimi ilimchoma kama imeguswa na sindano.

Akatema. Akasukutua kwa maji. Akaonja pande jingine, la chini kabisa. Mdomo ukamuwasha. Akatema, akasukutua, akaonja la tatu, la mkiani. Masikio yakamwaka moto, na moyo ukaanza kumdunda kama mchi kinuni.

"Bi Tatu," akasema taratibu, "usionje chungu hiki."

"Kina nini?"

"Jua."

Bi Tatu akaelewa, akajishika kichwa. Mbali, upande wa njia iliyoota majani, siwa, ile pembe ya majumbe, ikalia. Buuu! Kitundani wameanza safari.

Mwanamize akamwita Bwana Pandu mlangoni, akamnong'oneza ili aibu isitoke nje. "Bwana wangu, samaki wameharibika. Tusiwape wageni. Wakila, watavimba, watatapika, na hakuna atakayesema ni jua. Watasema ni sumu."

Bwana Pandu akageuka rangi. Alijua ni nani aliyewalaza sehewa wale juani, na alijua mji mzima ulimwona. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Hawakusema tufanyeje na yule aliyewaozesha.

"Mbona hawanuki?" akasema.

"Hawanuki, ndiyo."

"Basi tia pilipili. Tia nyingi. Nani atajua mwasho gani ni wa pilipili na mwasho gani ni wa samaki?"

"Tumbo litajua."

Bwana Pandu akamsogelea, bakora mkononi. "Nisikilize, Mwanamize. Chungu hicho kitaingia ukumbini kama kilivyo. Ukifungua kinywa chako, na mimi nitafungua changu. Nitasema umetia kitu. Mwanao kaolewa wapi? Kitundani. Nani atakuamini? Huku watasema umenunuliwa na Kitundani. Kule watasema ulitaka kuwaua. Mwanao kule watamfanya nini, unadhani?"

Kisha akavuta kiti, akakaa mlangoni mwa jiko, akalaza bakora mapajani. Atokaye anamwona. Aingiaye anamwona.

Siwa ikalia mara ya pili. Buuu! Wamevuka kisima.

Enyi mlioketi hapa, fikirini naye. Akipakua, watu arubaini wataanguka na vita vitarudi, na mwanawe yuko upande wa pili. Asipopakua, mgeni atakula wali mtupu katika karamu aliyoahidiwa sehewa, na hilo ni tusi, na tusi ni vita. Akisema, atasemewa. Akinyamaza, ameua. Angefanyaje?

Tuambie!

Alifanya hivi. Alikaa chini kidogo, akavuta pumzi. Akakumbuka nyumbani kwake. Mwanamize, kila sehewa walipojaa mpaka wakatupwa, hakuwa akiwatupa. Aliwachemsha, akawatoa mifupa, akawabanika siku nyingi juu ya moshi wa makumbi ya nazi, mpaka mapande yakawa meusi na magumu kama mti. Akayapanga darini kwake, akiba ya miezi ya mvua, bahari inapochafuka na vitoweo vikaadimika.

Akapaza sauti ili Bwana Pandu asikie. "Bi Tatu! Moto unakufa. Nenda kwangu, juu ya dari, ukaniletee kapu langu la vinga. Lote!"

Bi Tatu akamtazama. Kinga ni kipande cha kuni kilichokwisha ungua. Nani huweka vinga darini? Kisha macho ya wanawake wawili yakakutana, na Bi Tatu, aliyekuna nazi miaka arubaini, akasema, "Nakwenda mwanangu," akatoka mbio.

Akarudi na kapu kichwani, anahema. Bwana Pandu akanyoosha bakora, akamziba njia.

"Nini hicho?"

"Vinga, Bwana."

Bwana Pandu akachungulia. Akaona vitu vyeusi, vikavu, vimekunjamana. Akavigonga kwa bakora. Ko! Ko! Ko! Akanusa: moshi. Mtu yule alikuwa amekula sehewa wa Mwanamize kila msimu wa mvua kwa miaka kumi, lakini hakuwahi hata siku moja kuuliza ameandaliwaje.

"Pita," akasema. "Na mharakishe."

Hapo sasa! Mwanamize akatwaa kisu, akaparua yale mapande, na ndani ya weusi ikatoka nyama nyekundu inayoelekea kahawia, inang'aa. Bi Tatu akatwanga. Maji ya moto yakamwagwa, nyama ikalainika, ikatoa utamu wake wote. Tui la kwanza, tui la pili. Ukwaju. Embe mbichi iliyokatwa vidogo. Kitunguu, bizari, majani ya mchaichai. Na kile chungu cha kwanza? Akakitoa motoni, akakifunika kwa kawa, akakiweka pembeni. Hakukimwaga. Mwenyewe hakujua kwa nini. Mkono ulikataa kumwaga.

Siwa ikalia mara ya tatu. Buuu! Wako mlangoni.

Sala ikasaliwa. Watu wakaketi ukumbini, Mwambavuo safu hii, Kitundani safu ile, majambia viunoni. Hapana aliyekuwa akicheka. Masinia ya wali yakaingia, na juu ya wali mchuzi mzito, nyama imechambuka kama nyuzi. Mwanamize akasimama nyuma ya pazia, mkono kifuani. Jumbe Shaame, mzee mrefu mwenye kovu shavuni, akanawa. Akasema bismillahi. Akanyoosha mkono.

"Ngoja, Jumbe!"

Ni Bwana Pandu. Ameona mchuzi ule si ule aliokuwa akiulinda. Ameona mpishi amemzunguka. Na mtu mwenye hofu, ndugu zangu, hukimbilia kwenye shimo alilolichimba.

"Ngoja! Huyu si sehewa tuliyempokea asubuhi. Mji wote ulimwona, mapande manene! Hiki ni kitu gani? Mwulizeni mpishi ametia nini. Mwanawe kaolewa kwa hawa!"

Mkono wa Jumbe Shaame ukarudi. Safu ya Kitundani mkono mmoja ukaenda kwenye jambia, kisha wa pili, kisha yote. Safu ya Mwambavuo nayo ikafanya vivyo hivyo.

"Mngwali," akasema Jumbe Shaame, polepole, "umeniita nile nini?"

Jumbe Mngwali akaita. "Mwanamize! Toka!"

Akatoka. Akapita katikati ya safu mbili za majambia, akapiga magoti mbele ya sinia la wazee.

"Jumbe wangu, na Jumbe mgeni wetu. Huyu ni sehewa. Ni sehewa wa bahari yetu, nilimbanika kwa mikono yangu. Nipeni ruhusa."

Akachota tonge, akala. Akachota la pili, akala. La tatu, akala. Watu wanamwangalia koo linavyopanda na kushuka.

"Na sehewa wa asubuhi wako wapi?" akauliza Jumbe Mngwali.

"Wako jikoni, wamepikwa, sijamwaga hata pande moja. Bwana Pandu amewalinda tangu asubuhi. Kama anasema hao ndio bora, na aletewe yeye."

Bi Tatu akakileta kile chungu, akakitua mbele ya Bwana Pandu, akafunua kawa. Harufu nzuri ikajaa ukumbini. Macho yote yakamgeukia. Bwana Pandu akatazama kulia, akatazama kushoto. Hata yeye alikuwa hajaamini sana maneno ya mpishi. Samaki yule alinukia mno. Akacheka kicheko kikavu. Akala pande la kwanza. Akala la pili. Akala la tatu, akajipangusa midomo. "Mnaona?"

Wakangoja.

Hakuna kilichotokea.

Mwanamize akabaki amepiga magoti, macho sakafuni, anahesabu pumzi. Je, kama ulimi ulimdanganya? Je, kama ameweka shingo ya mwanawe kwenye kisu kwa mwasho wa bure?

Wakangoja tena. Nzi akapita. Mtu akakohoa.

Kisha Bwana Pandu akajikuna shingo. Akajikuna sikio. Sikio likawa jekundu, na shavu, na kifua, mabaka mabaka, kama mtu aliyetembea katika upupu. Jasho likamchirizika. Akashika kichwa, akainama, akatapika juu ya ile kanzu nyeupe.

"Sumu!" mtu wa Kitundani akapiga kelele. Majambia yakachomoka, sha! Wote wakasimama. "Walitaka kutuua!"

Na hapo ndipo Mwanamize, aliyekuwa hajainua sauti yake mbele ya wanaume tangu azaliwe, akaipaza mpaka paa likaitika.

"Kuna mvuvi miongoni mwenu?"

Wakatazamana.

"Nauliza watu wa Kitundani! Kuna mvuvi? Msiniamini mimi. Msimwamini mtu yeyote wa Mwambavuo. Mvuvi wenu na aje, aguse mchuzi ule kwa ncha ya ulimi, ateme, aseme ni nini!"

Akasimama mzee mmoja mfupi, vidole vimekatwakatwa na mishipi, jina lake Mzee Ame. Akalirudisha jambia alani. Akachovya kidole, akagusa ulimi, akafumba macho. Akatema. Akagusa tena. Akatema.

"Hii si sumu," akasema. "Ni jua. Lilinipata nilipokuwa kijana, nikavimba hivyo hivyo, nikadhani nakufa, kesho yake nikaamka. Mpeni madafu huyo, mlazeni kivulini. Sehewa huyu aliachwa juani."

"Nani alimwacha juani?" akauliza Jumbe Shaame.

Bwana Pandu alikuwa hana hali ya kujibu. Mwanamize angeweza kusema, na hakusema. Ndipo Jumbe Mngwali mwenyewe akasogea mbele, akavua kilemba chake, akakishika mikononi.

"Pandu ndiye aliyewatandaza," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nimeketi barazani. Niliona. Nilisikia watu wakinisifu, nikapendezwa, nikanyamaza. Mwanamke huyu alikuja kuwadai mbele yangu, na watu walipomcheka, nami nilicheka. Leo nusura niwaue watu arubaini kwa kupenda sifa. Shaame, sina zaidi ya kusema."

Jumbe Shaame akamtazama. Miaka mitatu alikuwa amengoja kumsikia mtu huyu akisema kosa ni langu. Neno hilo hakulipata kwa kisima, amelipata kwa samaki. Akaketi. Akakunja mkono wa kanzu. Akachota tonge kutoka pale pale alipochota Mwanamize, akala, akatafuna kwa makini.

"Mngwali," akasema, "keti ule. Chakula kinapoa."

Wakala. Kwanza kwa woga, tonge dogo dogo, kila mtu akimtazama jirani yake. Kisha kwa njaa. Kisha wakagombea makoko ya wali, Kitundani na Mwambavuo mikono imeingiliana ndani ya sinia moja, na hapakuwa na ugomvi mwingine siku ile ila ule.

Bwana Pandu alilala siku mbili, akaamka mzima. Bakora hakurudishiwa. Kisima kikawekewa zamu, leo hawa, kesho wale. Nasikia bado walikuwa wakitukanana, lakini kwa mdomo tu.

Na Mwanamize je? Wageni walipokuwa wakiaga, Jumbe Shaame akamwita, akamwuliza anataka tuzo gani. Akasema, "Nataka kufuatana nanyi." Hakubadilisha hata kanga. Akaenda nyuma ya safu yao, kwenye majani ya miaka mitatu, akiyakanyaga kwa miguu yake, na jioni haijaingia akafika Kitundani, kwa Mwatime.

Mlangoni alikuwa amesimama mtoto wa kike, amekula embe, uso mzima njano. Akamtazama yule mgeni anayenuka moshi.

"We nani?" mtoto akauliza.

Mwanamize akamtazama usoni kwanza, amefanana na nani. Akachuchumaa palepale kizingitini, na mtoto, kwa kuwa hakujibiwa, akamsogezea ile kokwa ya embe, akamwambia, "Haya, basi kula."

Naam. Hapo ndipo nilipoachana nao, kwani mlango ulifungwa na mimi sikukaribishwa. Yangu nimekwisha yasema: yaliyokolea nendeni nayo nyumbani, yaliyopwaya niachieni nikayatie chumvi.

Mwisho wake?
Ndio huo!